Bima imesema waya za meno ni urembo

SWALI: Binti yangu ana umri wa miaka 13. Meno yake ya juu ya mbele yamechomoza, na ya chini hupanda hadi kugusa kaakaa, kiasi kwamba akila kitu kigumu hulalamika maumivu. Daktari ameshauri awekewe waya, lakini bima imeyarudisha maombi yetu kwa maelezo kwamba matibabu hayo ni ya urembo. Je, ninaweza kupinga, au nikubali yaishe?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Usikubali yaishe, mama, ila kabla ya kuandika barua yoyote, usome mkataba wako, hasa orodha ya huduma zisizolipiwa. Zipo bima zilizoondoa kabisa urekebishaji wa mpangilio wa meno, na kwa hizo ushahidi wa daktari, hata uwe mzito namna gani, hautafua dafu. Nyingine hulipia kwa masharti ya umri, muda wa kusubiri tangu kujiunga, kibali cha awali na kikomo cha fedha. Kwa kuwa wewe umejibiwa kwa hoja ya urembo, na si kwamba huduma haimo, inaelekea ubishi wenu ni juu ya hitaji la kiafya.

Hitaji hilo, kwa jicho la bima, ni kasoro inayodhuru kutafuna, kusema, fizi, taya au meno yenyewe, au inayoelekea kufanya hivyo isiporekebishwa. Meno yaliyopinda kidogo, hata yakimfanya mtoto azibe mdomo kila anapocheka, kwa kawaida hayaingii humo. Mimi naona huo ni ugumu wa moyo, maana aibu ya kijana nayo huuma, lakini rufaa haijengwi juu ya maoni yangu.

Hujengwa juu ya vipimo. Kipimo kimoja kinachojulikana sana kilitungwa Uingereza mwaka 1989, nacho hupanga kasoro katika madaraja 5, la 5 likiwa zito kuliko yote: meno ya juu yaliyochomoza zaidi ya milimita 6 huingia daraja la 4, na yakizidi milimita 9 huingia la 5, ambamo pia umo mpasuko wa mdomo na kaakaa. Meno ya chini yanayojeruhi kaakaa yamo daraja la 4. Huenda bima yako inatumia kipimo kingine, kwa hiyo idai kwa maandishi vigezo ilivyotumia, sababu kamili ya kukataa na siku ya mwisho ya kukata rufaa.

Angalia neno "kujeruhi". Meno kugusa kaakaa ni jambo moja, na kuacha jeraha ni jingine. Mwombe binti apanue mdomo mbele ya mwanga, utazame nyuma ya meno ya juu ya mbele: ukiona alama za meno ya chini zimezama kwenye nyama, au pamevimba na kuwa pekundu, mrudishe kwa daktari apapige picha yenye tarehe. Barua inayosema tu "nashauri waya" haimsaidii mkaguzi wa bima ambaye hatamwona mtoto. Inayomsaidia ni ile inayotaja milimita, jeraha, maumivu wakati wa kutafuna na hatari ya meno yaliyochomoza kuvunjika mtoto akianguka, ikiambatana na picha za eksirei. Omba pia rufaa ipitiwe na daktari bingwa wa kurekebisha mpangilio wa meno.

Wakati mnasubiri, msifunge waya, kwa sababu bima nyingi hukataa kulipia kazi iliyoanza bila kibali. Mkikubaliwa, ulizeni malipo yatatolewaje: mara nyingi hugawanywa katika kipindi chote cha matibabu, na mwanachama akihama bima katikati, sehemu iliyobaki huweza kumwangukia yeye.