Maswali ya jikoni: tambi, maharage na samaki wa kopo

Katika safu iliyopita nilidokeza kwamba pakiti moja ya tambi, makopo mawili madogo ya samaki na maharage yaliyobaki mchana yanatosha chakula cha jioni cha watu wanne. Maswali yaliyofuata yametoka kwa wingi Arusha na Moshi, nami nayajibu hapa yale yanayowagusa wengi.

Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi, nimepanga chumba Njiro, na jiko langu la gesi lina sehemu moja tu ya kuweka sufuria. Nianze na kipi?

Marahaba, mwanangu. Anza na mchuzi, ingawa wengi huanza na tambi. Mchuzi ukisubiri haupotezi kitu, lakini tambi zikisubiri hushikamana na kuvimba hadi zikageuka bonge.

Kaanga kitunguu kikubwa kimoja kwa vijiko viwili vya mafuta mpaka kilainike, weka punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa, kisha nyanya nne zilizokatwakatwa na karoti moja iliyokwaruzwa. Nyanya zikishaiva na mafuta kuanza kujitenga, tia vikombe viwili vya maharage yaliyoiva, uyaponde kiasi cha robo yake kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito, halafu funika na uweke pembeni. Sasa chemsha lita tatu za maji yenye vijiko viwili vya chai vya chumvi na upike gramu 400 za tambi. Kabla ya kuchuja, chota kikombe kimoja cha yale maji, kwa kuwa yamebeba wanga wa tambi na ndiyo yatakayoufanya mchuzi ushike badala ya kutiririkia chini ya sahani. Rudisha mchuzi motoni, ongeza maji hayo kidogo kidogo, changanya na tambi, na mwisho kabisa weka samaki.

Nasisitiza kwamba samaki awe wa mwisho, kwa sababu aliivishwa ndani ya kopo kiwandani, na ukimkaanga upya atavurugika na harufu yake itatawala chumba chote. Dakika moja ya kupata moto inamtosha, kisha kamulia ndimu. Ukipika kwa ajili yako peke yako, gawa vipimo vyote kwa nne.

Nilipokuwa Moshi nilifuata dakika zilizoandikwa kwenye pakiti na tambi zikaiva. Tangu nihamie Sakina, hapa Arusha, zinabaki na kiini kigumu. Je, ninauziwa tambi bandia?

Sidhani kama muuza duka ana kosa. Kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa hupungua na maji huchemka kwenye joto dogo zaidi, takriban nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 hivi, na maji yake huchemka karibu na nyuzi 97, ilhali Arusha, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, huchemka karibu na nyuzi 95. Kuongeza moto hakusaidii, maana maji yakishachemka hayapandi joto tena bali yanapungua tu sufuriani, na gesi yako inapungua pamoja nayo. Kinachosaidia ni muda, yaani dakika moja hadi tatu zaidi.

Hata hivyo, tofauti ya nyuzi mbili kati ya miji hiyo miwili ni ndogo, kwa hiyo chunguza pia mazoea yako. Anayetia tambi kabla maji hayajachemka sawasawa, au anayezibana kwenye sufuria ndogo yenye maji kidogo, atapata kiini kigumu hata akiwa Tanga. Kipimo cha kuaminika ni kuonja uzi mmoja.

Mimi ni mama wa nyumbani, Pasua. Unasema ni chakula cha haraka, lakini maharage yangu yanachukua saa mbili na nusu na kumaliza mkaa. Ninunue ya kopo?

Una haki ya kulalamika, dada yangu, kwa sababu uharaka wa chakula hiki umejengwa juu ya maharage yaliyokwisha kuiva. Ya kopo yanafaa, lakini bei yake ikilinganishwa na ya kupima sokoni haimfai mwenye watoto watatu. Afadhali uchemshe nusu kilo kwa mkupuo mmoja, ule sehemu na kuhifadhi sehemu. Nusu kilo ya maharage makavu hutoa zaidi ya kilo moja ya yaliyoiva, na kwenye friji hukaa siku tatu bila wasiwasi.

Yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo asubuhi, na uyachemshe kwa maji mapya. Nyanya na ndimu zisiguse chungu kabla maharage hayajalainika, kwa kuwa uchachu huchelewesha kuiva. Magadi huharakisha kweli, ila hupunguza vitamini B1 na yakizidi huacha ladha ya sabuni, na mimi binafsi siyatumii. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye ghala lenye joto na unyevu huwa magumu hata uyaloweke vipi, basi muulize muuzaji kama ni ya msimu huu. Sisi watu wa kaskazini tumebahatika katika jambo hili: aina za Lyamungu 90 na Selian 97 zina majina ya vituo vya utafiti vya huku kwetu, kimoja karibu na Moshi na kingine karibu na Arusha.

Onyo moja kuhusu maharage mekundu: yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na joto la uvuguvugu haliiondoi. Yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto, hasa kama unayamalizia kwenye kikapu cha kuhifadhia joto.

Mafuta ya kwenye kopo nimwage?

Kama ni mafuta ya mimea yenye harufu nzuri, kaangia kitunguu. Samaki akiwa kwenye maji ya chumvi, mwaga na upunguze chumvi ya tambi. Akiwa kwenye mchuzi wa nyanya, tia vyote na upunguze nyanya mbili.

Mume wangu, mwenyeji wa Kibosho, anasema tambi ni za sukari na iliki, na kwamba kuzichanganya na maharage ni mchezo wa watoto. Nimjibu nini?

Mkumbushe kwa heshima kwamba amekulia kwenye kiburu, ambacho ni ndizi na maharage, na kwamba makande ni mahindi na maharage. Wanga na maharage kukaa chungu kimoja si jambo geni Kilimanjaro. Waitaliano nao wana chakula chao cha siku nyingi kiitwacho pasta e fagioli, yaani tambi na maharage, na huko Toscana maharage meupe huliwa na jodari wa kopo na kitunguu kibichi. Akiendelea kukataa, mpikie ugali, na mchuzi huohuo utamfaa.

Kopo lililobonyea ni salama? Na samaki aliyebaki?

Kopo lililovimba, linalovuja, lenye kutu iliyopenya au lililobonyea kwenye mshono, litupe bila kuonja. Kibonyeo kidogo ubavuni hakina neno. Samaki aliyebaki mhamishie kwenye chombo chenye mfuniko, umweke kwenye friji na umtumie ndani ya siku mbili. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, usimwokoe kwa kumchemsha, maana jodari na sadini wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, ambayo haiharibiwi na moto na humfanya mlaji awashwe na kuumwa kichwa.

Watoto wangu wanaogopa miiba ya sadini.

Imelainishwa na moto wa kiwandani na ni chanzo kizuri cha madini ya chokaa. Waponde samaki kwa uma kabla ya kuwatia, na hakuna atakayeiona.

Nikikosa samaki wa kopo, dagaa wakavu wanafaa?

Wanafaa sana, na mara nyingi ni nafuu zaidi, ila utaratibu unabadilika. Watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto mara mbili au tatu hadi mchanga uishe, wakaushe, kisha uwakaange peke yao mpaka wawe wakavu. Usiwachemshe ndani ya mchuzi. Wamwage juu ya tambi zikiwa tayari sahani, pamoja na giligilani na pilipili, ili wabaki wakilia mdomoni.