Namba za mvua na namba za wagonjwa: kwa mnaoanza utafiti wa afya na mazingira Moshi

Ndugu zangu mnaoanza, karibuni Moshi. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikikusanya takwimu za hali ya hewa na magonjwa kwenye vijiji vya huku, na kila mwaka napokea vijana wa shahada ya uzamili wakiwa na swali lilelile: mvua ikizidi, malaria nayo inazidi? Swali si baya. Tatizo ni kwamba wengi wanataka kulijibu wakiwa mezani. Wanaomba takwimu za mvua Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanaomba za wagonjwa wilayani, wanaziweka pamoja kwenye kompyuta, grafu inapanda, wanaanza kuandika.

Mimi nilianza hivyohivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilichora grafu ya zahanati moja ya tambarare, kusini mwa mji. Aprili, katikati ya masika, wagonjwa wa malaria walishuka karibu na sifuri. Mei wakapanda ghafla. Nikaandika ukurasa mzima kueleza kwamba mvua kubwa husomba viluwiluwi vya mbu, kisha maji yakituama mbu huzaliana upya. Maelezo hayo ni ya kweli, yapo vitabuni, na msimamizi wangu aliyapenda.

Kabla ya kuwasilisha nikampelekea muuguzi wa zahanati ile grafu yangu, kwa adabu tu, kwa kuwa takwimu zilitoka kwake. Alivaa miwani, akaiangalia, hakusema kitu. Akafungua kabati, akatoa daftari la MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za afya, la wagonjwa wa nje, lile kubwa, limebandikwa karatasi ya gundi mgongoni na pembe zake zimevimba kwa unyevu. Akafunua Aprili. Kutoka tarehe 9 hadi 27 mistari ilikuwa mitupu.

"Mwanangu, hapa kivuko kilikatika," akasema. "Mimi mwenyewe nililala kwa dada yangu ng'ambo ya mto wiki mbili. Nani angefika hapa?"

Kisha akanionyesha Mei kwa kidole. Kwenye safu ya majibu ya kipimo, karibu kila mstari, aliandika "hakuna kipimo". Vipimo vya haraka vya malaria vilikuwa vimekwisha, kwa hiyo kila aliyekuja na homa alipewa dawa ya malaria na kuandikwa malaria. Nilichokiita kushuka kilikuwa kivuko kubomoka, na nilichokiita kupanda kilikuwa stoo kuishiwa. Mbu hawakuwa na habari na grafu yangu.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja kwa kila anayefanya kazi chini yangu: nenda mahali namba ilipozaliwa. Kaa na daftari lenyewe kabla ya kukaa na faili la kompyuta. Angalia mwandiko unabadilika wapi, maana ukibadilika pengine mhudumu kahamishwa na mwingine anaandika utambuzi kwa namna yake. Angalia kama mistari imeandikwa kwa kalamu moja na mwendo mmoja mchana kutwa, au imejazwa yote kwa mkupuo Ijumaa jioni. Uliza dawa na vipimo viliisha lini. Uliza barabara. Na tafadhali msiende siku tatu za mwisho wa mwezi, kwa sababu hapo mganga mfawidhi anahangaika na ripoti, na atakujibu lolote ili uondoke.

Jambo la pili nalishikilia zaidi ya yote, nalo ni jina la ugonjwa. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za hapa Moshi, KCMC na Mawenzi. Waliotibiwa wakihesabiwa wana malaria walikuwa asilimia 60.7. Maabara ilipomaliza kazi yake, ambao homa yao kweli ilitokana na malaria walikuwa asilimia 1.6. Someni namba hizo tena taratibu. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, homa ya Q, brusela, chikungunya, na homa ya mgunda (leptospirosis), ile ambayo Watanzania wengi waliisikia kwa jina hilo mwaka 2022 ilipozuka Lindi.

Sasa fikiri unachukua madaftari ya zamani, ya miaka kabla kipimo cha haraka hakijaenea, unayalinganisha na mvua. Unalinganisha mvua na nini? Na homa. Na ubaya wake ni kwamba grafu itakubali! Homa ya mgunda hupatikana kwenye maji na matope yenye mkojo wa wanyama, kwa hiyo nayo hufuata mvua. Utapata uhusiano wa kweli kabisa wa kihesabu, uubandike jina la ugonjwa mwingine, kisha wilaya igawe vyandarua kwa watu wanaougua kwa kukanyaga majaruba bila mabuti. Hilo linaniuma kila nikiliwaza, kwa sababu mtu wa jaruba hana namna ya kujua kwamba namba ilimkosea.

Kwa hiyo kwenye jedwali lako weka safu mbili tofauti: waliopimwa, na waliokutwa nayo. Miezi isiyo na vipimo iandike kuwa haina taarifa. Usiandike sifuri.

Upande wa hali ya hewa nako kuna mitego yake. Kituo cha kupimia kikiwa uwanja wa ndege wa Moshi, kiko chini, kwenye mita mia nane na kitu. Mgonjwa wako anakaa Kibosho au Marangu, mamia ya mita juu. Kwa kila mita 100 unazopanda, joto hupungua wastani wa nyuzi 0.6. Mtu anaweza kudhani nyuzi tatu au nne ni kitu kidogo. Kwa malaria si kidogo hata kidogo. Iko kanuni ya hesabu ya Detinova, mtafiti wa mbu, ya tangu miaka ya 1960: gawanya 111 kwa joto lililopunguzwa 16, upate siku ambazo kimelea cha malaria kali kinahitaji kukomaa ndani ya mbu. Kwenye nyuzi 25 zinatoka siku 12 na ushei. Kwenye nyuzi 20, siku 28. Kwenye nyuzi 18, siku 55 hivi, na mbu wachache mno hufikisha umri huo. Ndiyo maana kwa vizazi vingi watu wa kihambani, kwenye mashamba ya migomba ya mlimani juu, walikuwa wakiogopa kulala tambarare, wala hawakuhitaji kanuni kuwaeleza.

Nunua vipimajoto vidogo vinavyojirekodi, uviweke kijijini kwenyewe. Weka kingine ndani ya nyumba anakopumzika mbu, kwa sababu ndani usiku kuna joto kuliko nje. Kipimo cha mvua kisikae chini ya mgomba. Nalisema hili kwa kuwa nimelikuta: ndoo ya kipimo ilikaa msimu mzima chini ya jani pana la mgomba lililoota baada ya kifaa kuwekwa, na mvua ikaonekana imepungua kadiri mgomba ulivyostawi. Mgomba unakua haraka. Mpe kazi mtu wa jirani, mlipe, aangalie kila asubuhi.

Halafu usisahau kwamba ugonjwa haufuati hali ya hewa siku hiyohiyo. Mvua inyeshe, maji yatuame, mbu akue, aume, kimelea kikomae, mtu augue, aende zahanati: hizo ni wiki kadhaa. Ukilinganisha mvua ya Aprili na wagonjwa wa Aprili umeruka safari yote ya mbu.

Wanaokuja kutoka nje hupenda kufungua andiko kwa barafu ya Kilimanjaro. Ni kweli inaisha. Sehemu kubwa ya barafu iliyopimwa mwaka 1912 haipo tena. Lakini maji yanayoshuka kwenye mifongo yetu, yaani mifereji ya asili, hutoka zaidi kwenye mvua ya msitu kuliko kwenye barafu, na wakati joto likipanda, watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano waliokutwa na malaria walipopimwa walishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2007 na 2008 hadi 7 mwaka 2017. Vyandarua, dawa na vipimo vilifanya kazi. Joto ni sababu mojawapo kati ya nyingi, na mtafiti asiyeweka vyandarua kwenye hesabu yake ataandika uongo bila kukusudia.

Mfano mzuri mnao hapa jirani. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika 1987, ulileta mpunga mwaka mzima, na kila mtu alitegemea malaria ilipuke. Jasper Ijumba na wenzake walikuta mbu wengi zaidi kwenye kijiji cha mpunga kuliko kijiji cha mahindi, lakini hatari ya kuambukizwa malaria ilikuwa ndogo zaidi kwenye mpunga. Mbu wa pale huuma ng'ombe vilevile, na mkulima wa mpunga ana hela ya chandarua na ya matibabu. Kwa hiyo kabla ya kupima maji, uliza mazao, uliza mifugo, uliza hela ya mwaka.

Kwa mnaokwenda upande wa Arusha, kwenye maji yenye madini ya floraidi chini ya Mlima Meru, nina neno moja tu, lakini lishikeni. Floraidi ikizidi hutia meno rangi ya kahawia yakiwa bado yanajengeka, na meno ya kudumu hujengeka utotoni, toka kuzaliwa hadi miaka kama minane. Ukimkuta mtu wa miaka 25 ana meno ya kahawia, maji ya kupima ni yale aliyokunywa akiwa na miaka mitano, pengine kijiji kingine kabisa. Swali la kwanza kwenye dodoso liwe alikulia wapi. Msisahau na magadi ya kupikia maharage, kwa sababu nayo hubeba floraidi, na kikombe cha maji peke yake hakitakupa jibu.

Hewa ya jikoni nimeifanyia kazi miaka mitatu. Siku moja tulifika kwa mama mmoja Kibosho, jiko lake ni kibanda cha mbao kando ya nyumba, anapikia matawi ya mkahawa yaliyopogolewa, mengine mabichi. Tukamfungia kifaa, tukarudi kesho yake, namba zikawa nzuri ajabu. Tukamuuliza alipikia wapi. Akasema alihamishia mafiga nje, chini ya mparachichi. "Mmekuja wageni, nitawawekaje na mashine yenu kwenye moshi?" Alikuwa anatuheshimu! Tangu hapo tunaacha kifaa siku tatu na siku ya kwanza hatuihesabu. Tunakining'iniza usawa wa uso wa mama akiwa amekaa kwenye kigoda, kwa sababu ndipo alipo pamoja na mtoto mgongoni. Kwenye boriti moshi ni mwingine. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linapendekeza chembe ndogo sana za hewani (PM2.5) zisizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24. Mkipima kwenye jiko kama lile siku ya kawaida mtaelewa kwa nini watoto wa pale hawaachi kukohoa.

Vibali sitavirefusha. Maadili kwanza, chuoni kwako na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), na COSTECH (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) kama unatoka nje ya nchi. Anza miezi mingi kabla. Kijijini anza kwa mtendaji, kisha mwenyekiti, kisha balozi, na umsalimie kila mzee unayempita njiani.

Na rudisheni matokeo. Mwaka jana tulirudi kwenye kijiji kimoja cha mpunga, mkutano chini ya mwembe, tukaeleza grafu ya homa na mvua. Tukaeleza habari ya homa ya mgunda na panya, maana vitabu vingi huanza na panya. Mzee mmoja akanyoosha fimbo. "Mwalimu, shikamoo ya kwanza mlitupa vizuri, sasa nami nina swali. Tukishavuna, ng'ombe wanaingia majarubani kula mabua. Wanakunywa humo, wanakojoa humo. Wiki inayofuata sisi tunaingia pekupeku kulima. Mbona kwenye karatasi yenu hamna ng'ombe?"

Jioni ile nilirudi kusoma tena. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Tanzania ulikuta bakteria wa ugonjwa huo kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na panya waliotegwa hawakukutwa nao. Kilimo cha mpunga na kazi ya kuhudumia ng'ombe vilihusishwa na ugonjwa. Mzee alikuwa amelisema kwa sentensi tano. Kwenye dodoso jipya, ukurasa wa pili, kuna maswali manne ya ng'ombe: nani anawalisha, wapi, lini, na anavaa nini miguuni.