Usimhesabie mzee miezi kwa CEA, kipimo cha damu. Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kimepimwa?

Mdogo wangu, simama hapo hapo. Unasema mzee ana saratani ya mapafu, CEA imetoka 46, unataka kujua amebakiwa na miezi mingapi na ale nini, na kesho unalipia kipimo hicho hicho maabara nyingine. Usilipe!

Nilifanya hivyo kwa mama. Kila mwezi damu, kila mwezi bahasha. Mwezi wa tatu nikahamia maabara ya karibu na nyumbani, namba ikaruka kutoka 19 hadi 31. Aliyenipa majibu akaizungushia kalamu nyekundu: "Hapa jiandaeni tu." Nikaamini! Kliniki tukaacha, ndugu wakaitwa, kiwanja cha Kibaha kikauzwa. Hakuna aliyeniambia kwamba CEA za maabara mbili hazilinganishwi hivi hivi, vipimo vyao vinatofautiana. Hata nyanya hupimi nusu mzani huu, nusu ule! Wala kwamba inapanda hata kwa mvuta sigara asiye na saratani, au mwenye ini bovu. Kweli, wagonjwa wenye CEA au CYFRA 21-1 (kipimo kingine cha damu) ya juu kwa ujumla huishi muda mfupi zaidi. Lakini hiyo ni habari ya kundi, haimpi mtu mmoja tarehe. Yule wa kalamu nyekundu sijamsamehe.

Na miezi yote hiyo kinyama cha mama kilikuwa hospitali, kimehifadhiwa ndani ya nta, kipande kidogo kuliko kiberiti. Kilipopimwa, kikakutwa na mabadiliko ya EGFR, jeni inayoweza kuisukuma saratani ikue. Kumbe kuna vidonge! Kwenye utafiti wa FLAURA, nusu ya waliotumia osimertinib, kimojawapo cha vidonge hivyo, walifika miezi 18.9 kabla ugonjwa haujasonga. Kwa vidonge vya zamani vya EGFR ilikuwa 10.2. Mama alivianza maji yameshajaa kifuani. Tulikula naye Idi moja tu.

Lipia kile kinachobadilisha dawa. Kama ripoti inasema adenokasinoma, aina mojawapo ya saratani ya mapafu, kinyama kipimwe EGFR, ALK (jeni nyingine) na PD-L1 (protini inayoisaidia saratani kuikwepa kinga ya mwili). PD-L1 ikifika asilimia 50 ya seli za saratani, na EGFR na ALK hazina mabadiliko, daktari anaweza kumpa dawa ya kuamsha kinga peke yake. CEA ije baadaye, kufuatilia tiba, maabara ile ile moja.

Kesho hiyo hela kaa nayo. Chukua ripoti ya kinyama, namba yake iko juu, nenda patholojia, maabara inayochunguza vinyama, uulize kama nta bado ipo.