Unasoma udaktari na unataka kupinga silaha za nyuklia? Soma hapa kwanza

Juzi kuna mdogo wangu mmoja yuko mwaka wa tatu hapa hapa Dar kanitumia meseji ndefu. Kasikia habari za wanafunzi wa udaktari wa nchi mbalimbali wanaoshirikiana kudai silaha za nyuklia zifutwe, anataka kuingia, ila wenzake hosteli wanamcheka na mwalimu mmoja kamwambia amalize malaria kwanza. Nikaona hii nisijibu inbox, niandike hapa wote mpate maana najua mko wengi.

Tuanze na hiyo ya malaria. Hata mimi niliambiwa hivyo hivyo, tena mbele ya darasa zima, watu wakacheka, na mpaka leo nikikumbuka inauma. Malaria ina uzito wake, hakuna anayebisha, nimeshika zamu za usiku wodi ya watoto msimu wa mvua najua ninachosema. Kilichoniuma ni ile kuambiwa kwamba mambo ya dunia yana wenyewe na sisi sio wenyewe. Wakati urani, yale madini ya kutengenezea nyuklia, iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, Kongo hapo jirani! Mfaransa bomu lake la kwanza, Februari 1960, kalilipulia jangwani Algeria na sio kwao. Afrika Kusini ilikuwa na mabomu yake sita ikayavunja yenyewe, rais wao de Klerk akaja kutangaza 1993. Na urani ipo hata kwetu, Mto Mkuju kule Namtumbo. Alafu mtu anakwambia hayakuhusu.

Mimi kilichoniingiza ni wodi ya majeruhi wa moto. Tulipokea kaka mmoja aliyelipukiwa na petroli, kilo kama 60, kaungua karibu asilimia 40 ya mwili. Ukipiga ile hesabu ya maji tunayofundishwa, mililita 4 mara kilo mara asilimia ya kuungua, unapata karibu lita 10 za dripu ndani ya saa 24 za mwanzo, na nusu yake iwe imeingia ndani ya saa 8. Ile siku wodi nzima ilihama kwake, nesi mmoja anahangaika na mshipa, mwingine anaandaa gozi, mimi nimetumwa mbio kutafuta dripu zaidi na kila mtu anaangalia saa. Huyo ni mtu MMOJA. Hiroshima Agosti 1945 waliungua maelfu kwa dakika moja, na madaktari na manesi wa mji ule karibu asilimia 90 waliuawa au kujeruhiwa, sasa nani angemkimbilia nani na dripu? Mpaka mwaka unaisha walishakufa watu kama 140,000. Hii hoja hakuna mwanasiasa anayeiweza kuliko wewe uliyesimama wodini, kwa hiyo ishike.

Na wala hatuanzi sisi. Mwaka 1980, Vita Baridi imepamba moto, madaktari wawili wa moyo, Bernard Lown wa Marekani na Evgeni Chazov wa Urusi ya Kisovieti, walianzisha na wenzao IPPNW, shirika la madaktari la kuzuia vita ya nyuklia, 1985 wakapewa Nobel ya Amani. Kule Oslo, katikati ya mkutano na waandishi, mwandishi mmoja wa Kisovieti moyo ukasimama, Lown na Chazov wakawa miongoni mwa waliomkandamiza kifua mpaka akarudi. Mmarekani na Mrusi, mgonjwa mmoja. Mimi hiyo stori naisimulia kila nikipewa nafasi.

Sasa ushauri wenyewe. Kwanza, jua namba zako, yaani takwimu za kushikia hoja. Kule online kwenye vikao vya hao wanafunzi utakaa na Wahindi, Wapakistani, Wanaijeria, Wajerumani, wamejipanga, wewe ukija na "tunataka amani" watakupigia makofi alafu wanaendelea na ajenda. Kuna tamko moja tuliandika pamoja, rasimu inarudi nakuta aya yetu ya urani ya Afrika imekatwa ila picha yetu tumevaa makoti meupe imebaki. Nikasema hapana, aya irudi au picha itoke. Waliokuwa wa kwanza kunitetea ni dada wa Karachi na kaka wa Delhi, na wao ndo wenye la kuogopa zaidi, maana utafiti uliotoka 2022 kwenye jarida la Nature Food ulikadiria vita ya nyuklia kati ya nchi zao moshi wake ungeziba jua, mazao yaanguke na watu zaidi ya bilioni 2 duniani wafe njaa. Hapo ujue na unga wa Tandale umo. Aya ilirudi. Najivunia hilo kuliko cheti chochote nilichonacho.

Pili usivunjwe moyo na viza. Mimi ubalozi mmoja ulininyima bila maelezo ya maana na tiketi nilishaahidiwa, nilikaa na uchungu muda mrefu sana. Ila Aprili 2023 kongamano la dunia la IPPNW lilikuja Mombasa, na Mombasa ni basi tu, Tanga, Horohoro, Lungalunga umeingia, nikaenda kwa hela ya bumu niliyoibana. Mipaka ya jirani itumieni jamani, mnalilia Ulaya wakati Wakenya wako hapo.

Tatu, na hapa nasisitiza, rudisha kazi nyumbani. Jua namba zako na zipeleke kwa wenye maamuzi. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia ulipitishwa Umoja wa Mataifa Julai 2017 kwa kura 122, ukaanza kutumika 22 Januari 2021, na Tanzania iliusaini Septemba 2019. Kusaini sio kuridhia, kuridhia ni kazi ya Bunge, kwa hiyo muulize mbunge wako umefikia wapi. Bunge la bajeti linaanza Aprili Dodoma, barua yako iwe imefika Machi, ukurasa mmoja, anza na mgonjwa wa moto na zile lita 10, na chini weka chuo, mwaka unaosoma na namba ya simu iliyo hewani, maana wa kwangu msaidizi wake alipiga.