Nikajifunze kupika kwa mama wa Bologna?

SWALI: Dada habari, mwezi ujao naenda Italia kumsalimia kaka yangu anasoma Bologna, nataka siku moja nikajifunze kupika nyumbani kwa mama wa huko. Ila mimi Muislamu, na hata chapati nasukuma kwa kubahatisha. Niende?

JIBU: Nenda mdogo wangu, na uende na njaa! Tambi za Bologna ni unga na mayai basi, gramu 100 za unga kwa yai moja, maji hamna, unafanya kishimo katikati ya unga juu ya ubao unapasua mayai humo unakanda mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio, unaliacha lipumzike nusu saa hivi. Kazi iko kwenye kusukuma, maana ule mti wao mrefu kweli, unasukuma mpaka ukiinua kwenye mwanga unaona kivuli cha mkono wako. Ndo unakunja unakata tagliatelle, yaani tambi bapa kama utepe, na upana wake walishausajili chemba ya biashara ya mji mwaka 1972, milimita 8 zikishaiva.

Sasa la nguruwe, hilo mwambie mwenyeji KABLA hujalipa. Ragù yao, yaani mchuzi wa nyama, inawekwa pancetta (nyama ya tumbo la nguruwe), na tortellini, zile tambi ndogo za kujazwa, ndani ni nguruwe, kwahiyo omba tortelloni, kubwa zaidi, za ricotta (jibini laini), zinaliwa na siagi, tamu mno. Jibini ya Parmigiano nayo inagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na hujui kachinjwaje, amua mwenyewe mapema. Na vaa viatu vya chini, utasimama sana.