Kabla hujanunua habu ya USB-C, cheki kwanza laptop yako

Watu wakiniuliza wanunue habu gani, yaani kile kidude cha kugeuza tundu moja la laptop kuwa mengi, wanaanza na kuhesabu matundu, kaka hii ina saba, ile ina kumi na moja, ipi kali? Na mi huwa nawarudishia swali, laptop yako ni gani? Manake matundu yote hayo yanapitia tundu moja tu la laptop, na hilo likiwa halina uwezo, habu hata iwe ya bei gani haikusaidii.

Mi naediti video za harusi na sendofu kwa hiyo habu iko mezani muda wote, kadi za kamera zinaingia hapo, hadidiski hapo, TV ndo monita yangu, na chaja nayo humohumo.

Sasa kitu cha kwanza, USB-C ni umbo la tundu tu, haikuambii ndani kuna nini. Laptop za mtumba unakuta zina hilo tundu lakini zingine linapitisha data peke yake, halitoi picha wala halipokei chaji. Angalia pembeni yake, ukiona alama ya radi yenye kimshale, au ile ya D yenye P ndani, picha inatoka. Usipoona alama yoyote usikate tamaa, zingine hazichorwi, we andika modeli kamili mtandaoni utafute maneno DisplayPort na Power Delivery kwenye sifa zake. ThinkPad T480 kwa mfano inatoa picha na inachajiwa kwa USB-C fresh kabisa, ila yenyewe tayari ina HDMI na tundu la LAN, lile la waya wa intaneti, sasa habu ya nini? Nunua kebo ya HDMI uende zako. Anayehitaji habu kweli ni mtu kama wa MacBook Air ya M1, ile ya 2020, matundu mawili tu basi. Na huyo asidanganyike na habu yenye HDMI mbili, hiyo mashine kwa kawaida inaendesha skrini moja tu ya nje, ya pili itarudia picha ileile.

Kwenye boksi wanaandika 4K kwa maandishi makubwa, alafu 30Hz, yaani picha inabadilika mara 30 kwa sekunde, unaitafuta kwa tochi. Kwa 30Hz mshale wa mausi unaruka ruka, kuangalia muvi sawa lakini kukaa nayo kazini kutwa nzima inachosha, kama monita yako ni 4K tafuta ya 60Hz. Kama TV yako ni ya 1080p achana na hii habari, habu ya kawaida inakutosha, usiongeze hela.

Chaji sasa. Habu iliyoandikwa 100W haitengenezi umeme, inapitisha wa chaja yako, na yenyewe inakata chake humo, mara nyingi wati 10 mpaka 15. Kwa hiyo ukichomeka chaja ya 65W laptop inaambulia kama 50, kwa kazi za kawaida poa, ila ukiwa unaexport video uliyoediti betri inaweza kuanza kushuka huku imechomekwa.

Alafu kuna hili ambalo kwenye boksi hulikuti na kwa umeme wetu ndo kubwa kuliko yote. Umeme ukikatika laptop yenyewe inaendelea kwa betri, lakini habu nyingi chaja ikizimika zinajianzisha upya, ni sekunde moja au mbili tu, na hapo hapo hadidiski inachomoka na faili ulilokuwa unakopi linabaki nusu. Umeme ukirudi, mchezo uleule. Kwa hiyo dukani nenda na laptop yako, chaja na flashi, anza kukopi kitu kikubwa, alafu chomoa chaja ukiwa unaangalia skrini. Kopi ikikata, rudisha kidude kwa muuzaji uombe kingine. Muuzaji atakuangalia vibaya, mwache aangalie, hela ni yako. Mi siku hizi hata nikiwa na habu nzuri, hadidiski yenye kazi ya mteja naichomeka kwenye laptop moja kwa moja, habu naiachia TV, mausi na kadi.

Tukija kwenye kadi, habu za bei chee nyingi kisomeo chake ni USB 2.0, unapata kama MB 35 au 40 kwa sekunde, kadi ya GB 64 ikijaa ni karibu nusu saa. Kisomeo chenye spidi ya UHS-I, ambayo ni kasi zaidi, kinaweza kufika MB 90 hivi, inakuwa dakika kumi na kitu. Kama hutumii kamera hapa ruka. LAN nayo hakikisha imeandikwa gigabit, yaani megabiti 1000 kwa sekunde, zingine ni 100 tu.

Mausi isiyo na waya ikianza kukwamakwama ukichomeka hadidiski, usikimbilie kubadilisha betri. USB 3.0 inatoa kelele kwenye masafa ya 2.4GHz ambayo ndo mausi inatumia. Hamishia kile kidude chake cha USB kinachopokea mawimbi upande wa pili wa laptop, au kiweke kwenye kebo fupi kikae mbali na habu.

Na joto, habu ya bati kupata moto ni kawaida, ikiwa haishikiki ndo ichomoe. Napenda zaidi zile ambazo kebo yake inachomoka, kwa sababu panapokatika kwanza ni hapo shingoni, na ya kushonewa ikikatika fundi wengi hawaigusi.