Mtoto wa mbwa anayeunguruma kwenye chakula na kung'ata watoto: jibu kwa dada wa Chuno

Dada, maelezo yako nimeyasoma yote, na kilichonishtua si kuunguruma. Ni pale ulipoandika kwa kupitia tu kwamba huyo mtoto wa mbwa ulimtoa kule Tandahimba, kwenye kiroba, akiwa na mwezi mmoja na siku chache. Sasa ana wiki saba, yuko kwako Chuno, hapa Mtwara mjini, anaunguruma ukisogelea bakuli lake, anang'ata watoto miguu na pindo la kanga yako, usiku analia, na jioni kuna muda anazunguka uani mbio kama amepagawa. Mzee wa jirani anasema ni kichaa, auawe. Kijana wa bodaboda anasema huyo ni mkali wa asili, apewe pilipili. Shemeji anasema apelekwe shamba. Unauliza yupi yuko sahihi.

Kwa mbwa niliofuga mimi, hapa mjini na kule kwenye mikorosho upande wa Nanyamba, ningesema hakuna. Huyo ni mtoto aliyetengwa na mama mapema mno, huenda ana njaa, huenda ana minyoo, huenda kuna mahali panamuuma. Ila mzee wa jirani usimcheke, nitamrudia.

Kwa kawaida mtoto wa mbwa hukaa na mama yake mpaka wiki ya nane hivi. Zile wiki za mwisho watu huona anacheza tu, kumbe ndipo anapojifunza kupima nguvu ya meno yake. Akimng'ata ndugu yake sana, ndugu analia na mchezo unaishia hapo. Akimuumiza mama wakati wa kunyonya, mama anamkoromea, anainuka na kuondoka. Baada ya kurudiwa mara nyingi anaelewa kwamba kuuma kwa nguvu kunamkosesha anachokitaka. Wa kwako hakupata muda huo. Kwa hiyo kazi ya mama na ndugu zake imewaangukia wewe na wanao, na mnaweza kuifanya, tena bila fimbo.

Nianze na bakuli kwa sababu ndilo linalotisha zaidi.

Nimeona wauzaji wengi wanavyolisha: sinia moja, ugali umemwagwa katikati, watoto sita wanasukumana. Asiyewahi hali. Mama mwenyewe mbavu zinahesabika, maziwa hayatoshi. Mtoto aliyekulia hapo anajua kabisa kwamba anayesogea wakati wa kula amekuja kunyang'anya. Sasa wewe unamsogelea, anakakamaa, anakula haraka haraka, anakutazama kwa pembeni, kisha anaunguruma. Hapo anakuomba usisogee. Mtu akimpiga kwa kuunguruma, woga haumtoki, anachoacha ni kuonya tu. Baada ya miezi unakuwa na mbwa anayenyamaza kimya halafu anararua mkono, na watu wanasema "ameng'ata ghafla bila sababu". Mimi mbwa anayeunguruma simwogopi sana. Namwogopa yule aliyefundishwa kunyamaza.

Na ile tabia ya kumpokonya bakuli katikati ya kula ili ajue nani mkubwa, iacheni leo. Mnamthibitishia kile kile anachokihofia.

Fanya hivi. Mlishe peke yake, kona tulivu, mara nne kwa siku kidogo kidogo. Ugali wa dona na dagaa waliochemshwa bila chumvi unatosha kuanzia, ukipata utumbo wa kuku uchemshe umchanganyie. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha. Akiwa anakula, pita mbali kiasi kwamba hajakakamaa bado, mrushie kipande kizuri kuliko kilichomo bakulini, kichwa cha samaki kilichotolewa miiba au kipande cha ini, halafu endelea na safari yako. Usisimame kumwangalia. Chakula kinachofuata, rudia. Siku utakapoona anainua kichwa na kutikisa mkia anapokusikia unakuja, sogea hatua moja. Akikakamaa tena, umeharakisha, rudi nyuma. Kwa mtoto wa umri huu mabadiliko huwa yanaonekana mapema, kuliko kwa mbwa wa miaka miwili aliyeshazoea. Watoto wako wasihusike kabisa na zoezi hili. Bakuli likiwa chini, wao wako kwingine.

Kung'ata miguu ni hadithi nyingine, nyepesi zaidi. Ana meno 28 ya utoto, membamba na makali, na dunia anaichunguza kwa mdomo. Kuanzia miezi minne hivi yataanza kung'oka kupisha meno 42 ya ukubwani, na hapo atatafuna zaidi kwa sababu fizi zinawasha, kwa hiyo jiandae. Mtoto anayekimbia huku anapiga kelele, kwake huo ni mwaliko. Kanga inayopepea nayo ni mwaliko. Wafundishe watoto wasimame kama mgomba: mikono kifuani, kimya, macho juu, mpaka akate tamaa. Kisha mpeni kitu chake cha kutafuna. Mimi natumia mguu wa suruali ya jinzi iliyochakaa, nafunga mafundo, nalowesha maji. Akishika hicho, mchezo unaendelea. Akishika ngozi ya mtu, mchezo unakufa na mtu anaondoka. Sheria iwe hiyo kwa kila anayeingia hapo nyumbani, akiwemo huyo shemeji, maana akija mmoja anayefurahia kung'atwa mkono anawaharibia kazi wote.

Zile mbio za jioni ni za kawaida kabisa. Mtoto wa mbwa hulala saa 18 au zaidi kwa siku. Wanao wakirudi shule wanamchezea mpaka magharibi, hajafumba jicho, basi anafika mahali mwili umechoka na akili imechemka, anakimbia, anang'ata chochote. Mtengenezee mahali pake penye kivuli, boksi na gunia kuukuu, na muwe na saa ambazo haguswi. Usiku analia kwa sababu amezoea kulala katikati ya lundo la ndugu. Mwekee boksi karibu na dirisha ambako anasikia sauti zenu, na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyovingirishwa kitambaa.

Umesema kwenu mnaswali na hamtaki aingie ndani. Sawa, si lazima aingie. Lakini asifichwe nyuma ya choo ambako haoni mtu. Kuanzia wiki ya tatu mpaka ya kumi na mbili au kumi na nne hivi ndipo mbwa anapoamua dunia ni salama au la. Asichokiona kipindi hicho atakihofia ukubwani. Kibanda kiwe uani pale mnapopita, asikie pikipiki, adhana, mvua juu ya bati, wageni wakibisha hodi, awaone wazee wenye bakora na kina mama wenye ndoo kichwani. Mnayemshughulikia muwe na nguo maalumu na sehemu ya kunawia, maisha yaende. Kwa kuwa hajachanjwa, msimwachie mtaani wala kwenye majalala ambako mbwa koko wanapita, kwani virusi vya parvo, ugonjwa wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo muda mrefu. Mtu ambebe tu mpaka barabarani, aangalie, arudi.

Sasa mwili wake, ambao wengi huusahau wakikimbilia kusema "tabia".

Mfunue mdomo akiwa ametulia, tazama fizi. Zikiwa nyeupe au zimepauka badala ya waridi, damu imepungua, mara nyingi kwa minyoo, kupe au viroboto. Tumbo limejaa kama ngoma lakini mgongo mkavu? Minyoo. Watoto wa mbwa huipata kwa mama tangu tumboni na kwenye maziwa, ndiyo maana dawa inashauriwa kuanza wiki ya pili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Wa kwako sidhani kama amepata hata dozi moja. Nenda duka la dawa za mifugo, waambie uzito wake, usikadirie kwa kidonge cha binadamu. Minyoo hiyo mayai yake yanaingia pia kwa watoto wa watu, kwa hiyo kinyesi kizolewe kila siku na mikono ioshwe.

Halafu mpapase mwili mzima polepole. Huku kwetu pwani kuna inzi ambao funza wao huingia chini ya ngozi na kufanya vijipu vyenye tundu dogo juu. Mtoto mwenye vitatu vinne hivyo tumboni au makalioni, ukimbeba lazima akung'ate, na wewe utasema ni mkali. Paka mafuta mazito ya kupaka juu ya tundu, funza akikosa hewa anajitokeza, mkamue taratibu bila kumpasua, safisha.

Na kwa kuwa msimu wa korosho umefika, jambo moja la hapa hapa. Kama uani kuna mtu anabangua au mmeanika korosho ghafi, maganda yake yana mafuta yanayounguza. Mtoto akitafuna, mdomo unavimba, anadondosha mate, anajikuna mdomo kwa miguu ya mbele, hataki kuguswa. Mtu akimwona hivyo anapiga kelele "kichaa!" Maganda yafagiliwe na yawekwe mbali naye.

Hapo ndipo namrudia mzee wako. Mate yanayodondoka yasikufanye useme haraka kwamba ni korosho. Mikoa yetu hii ya Lindi na Mtwara iliingizwa kwenye mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioanza 2010 chini ya uratibu wa Shirika la Afya Duniani, na haikuchaguliwa kwa bahati. Mzee wa umri ule ameona watu wakifa kwa ugonjwa huu, na dalili zikishamtokea binadamu ni nadra mno kupona. Umri mdogo haumkingi mbwa. Kwa hiyo leo hii mpigie muuzaji, muulize mambo mawili: mama yake yu hai na mzima? Kuna mbwa mgeni au mnyama wa porini aliyeingia bandani na kung'ata? Akijibu kwa kuzungukazunguka, chukulia jibu ni baya.

Dalili za kuogopa kweli ni hizi: aliyekuwa mchangamfu anajificha au aliyekuwa mwoga anavamia, anang'ata vijiti, mawe, hewa, sauti imebadilika, imekuwa ya kukwaruza, hawezi kumeza, taya linaning'inia, miguu ya nyuma inalegea. Hapo usimfungue mdomo kutafuta mfupa. Mfungie bila kumgusa, ita afisa mifugo wa kata. Mishtuko ya misuli, degedege, matongotongo na makamasi mazito navyo si tabia, vinaweza kuwa distemba, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, nalo ni jambo la daktari wa mifugo. Kwa maelezo yako, anakula, anacheza, analala, ana hasira sehemu moja tu, kwenye chakula. Hiyo haifanani na kichaa.

Lakini umeandika kwamba mdogo wako alitokwa damu kifundoni. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na kama hamkwenda kituo cha afya, nendeni leo, mseme wazi kwamba mbwa hajachanjwa. Kuna kanuni ya kumwangalia mbwa siku 10 tangu alipong'ata. Akibaki mzima, hakuwa anaambukiza siku ile. Msiitumie kama sababu ya kukaa nyumbani kusubiri. Chanjo huanzwa, mbwa akiangaliwa huku, na daktari ndiye anayeamua kuisitisha.

Chanjo ya mbwa mwenyewe ya kichaa kwa kawaida hutolewa akifika miezi mitatu, ila kampeni ikipita mtaani kabla ya hapo mpelekeni, watoto wadogo nao huchanjwa. Mara nyingi kampeni hizo huwa kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Baada ya hapo kila mwaka.

Kijana wa bodaboda: pilipili inaumiza tumbo tu. Bangi, kumfungia gizani mchana kutwa, kumchokoza kwa fimbo kupitia tundu la banda, vyote hivyo vinatengeneza mbwa mwoga, na mbwa mwoga hachagui, atamng'ata mpwa wako aliyetumwa chumvi, na mwizi akija yeye ndiye atakayekimbia. Ulinzi huja wenyewe akianza kukomaa, kuanzia miezi sita kwenda juu. Wa kwangu bora kuliko wote shambani alikuwa analambwa na mbuzi akiwa mdogo.

Kuhusu shamba: kwa wiki saba, hapana. Kule atakuwa na mlinzi anayemtupia makoko ya ugali mara moja kwa siku, nyani watamuumiza, na kipindi chake cha kujifunza watu kitapita akiwa peke yake chini ya mkorosho. Akifika miezi minane au tisa, amechanjwa, na akiwa na mbwa mkubwa mwenye akili wa kumfuata, mpelekeni. Kumrudisha kwa mama ningekubali kama mama ni mzima na ndugu zake bado wapo, kwa wiki mbili tatu, ila kwa nilivyoelewa wenzake wameshauzwa, basi haina maana. Bora umtafute jirani mwenye mbwa mzima, mpole, aliyechanjwa, umpeleke huko mara kwa mara uani kwake. Akizidisha meno, mkubwa atamkoromea vizuri kuliko mimi na wewe.

Tuma picha ya fizi na ya tumbo akiwa amesimama, uandike pia muuzaji alijibu nini.